Mfalme Kaikausi Alivyopanda Kiti Changu

Kiti cha kusukuma kina breki mbili. Ambaye hajazoea kuzikagua zote mbili kabla abiria hajakaa, aweke karatasi hii chini, aende akazikague, kisha arudi. Sisi tutamngoja.

Haya. Mimi ndiye yule mnayemwita Mzee Tabora, niliyesukuma viti vya wazee na wagonjwa pale uwanja wa ndege jirani na mji wa Euless, hapa Marekani, tangu mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa huu wa 2020, magoti yalipogoma. Mama Wanjiru alinipigia simu juzi akasema, "Andika Mzee, hawa watoto wapya wanasukuma watu kama wanapeleka mahindi kwa posho mill." Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma vipande vipande, maana msimu wa tumbaku tulikuwa shambani. Akasema, "Kwani nani amekuitisha insha?" Basi hii si insha. Ni mambo ya kazi, na ndani yake yumo mfalme mmoja wa hadithi za kale za Uajemi, kwa sababu bila mfalme huyo kazi yangu ya Marekani ingekuwa maili tu, tena maili za kwenda na kurudi palepale.

Nianze nilikotoka, kwa ufupi, ingawa watu wanaonijua watacheka wakisikia neno ufupi. Mimi ni Mnyamwezi. Babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka pwani kwa miguu yao, na mimi nilifanya kazi ya mizigo stesheni ya reli Tabora miaka ishirini na kitu. Mke wangu alipofariki, binti yangu, ambaye ni muuguzi huku, akanileta Euless nipumzike. Nilipumzika siku tisa. Siku ya kumi nilianza kumkosoa anavyoosha sufuria, akanitafutia kazi kabla ya wiki kwisha. Msimlaumu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mama Wanjiru. Wengine hamkumkuta kazini, kwa hiyo niseme alivyo: Mkikuyu wa Nyeri, mfupi, ana sauti ya honi ya lori na mikono laini kama ya mkunga. Alinikalisha mimi mwenyewe kwenye kiti, akanisukuma kwa kasi mpaka kwenye lifti, akanigonga ukutani makusudi.

"Umeskia vile inauma?" akaniuliza.

"Nimesikia, mama."

"Sasa hutasahau. Miguu ya mtu ndiyo inatangulia, si uso wako. Angalia miguu."

Akanifundisha mengine. Mteremkoni unageuka, unashuka kinyumenyume, kiti kinabaki kwako. Magurudumu madogo ya mbele hula nywele na nyuzi za zulia, kwa hiyo tembea na kikoleo kidogo mfukoni, uzitoe asubuhi kabla hazijakutoa wewe. Usimjie mtu kutoka nyuma. Usiongee juu ya kichwa chake na mtu mwingine kana kwamba yeye ni sanduku. Halafu akanipa kanuni yake kubwa, na hii naomba muisome mara mbili kwa sababu ndiyo iliyokuja kuniadhibu.

"Mzee wa kwetu usimuulize kama anataka kiti," alisema. "Atakuambia hapana hata akiwa amebaki na mguu moja. Sema tu, 'Kiti chako ni hiki.' Halafu geuka uangalie kando, akae bila kuonekana akikaa."

Nilicheka, maana ndivyo tulivyo. Mgeni akija kwako wakati wa chakula atakuambia ameshiba, na wewe unamletea maji ya kunawa. Anakuambia tena ameshiba, unasogeza sahani. Mara ya tatu anasema, "Basi nionje kidogo," na anamaliza ugali. Hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo. Ni njia ya kuingia tu, kama vile mlango una kizingiti.

Mwaka wa pili ndipo alipokuja Mzee Behzadi. Alikuwa mtu wa Iran, mwalimu wa shule za msingi mstaafu, anaishi na mjukuu wake upande wa Irving. Kila baada ya miezi michache alikuwa anapanda ndege kwenda kumtembelea binti yake California. Kofia ya sufu, fimbo, suti iliyopigwa pasi, na goti la kulia ambalo lilikuwa limekwisha kabisa. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu, changu cha mizigo, lakini tulikutana katikati. Haya maneno yake naandika kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia moyoni.

Nilimjia kutoka mbele nikasema, "Kiti chako ni hiki, baba."

Akakitazama kama nimemletea punda. "Mimi si Kaikausi," akasema.

"Huyo ni nani?"

"Mfalme. Wa zamani sana, kabla ya historia. Alipenda kubebwa."

Mimi na hadithi, ninyi mnanijua. Nikamwambia, "Baba, mimi nina ugonjwa. Nikisimuliwa nasukuma sawasawa, nisiposimuliwa nagonga kuta. Kaa, uniponye." Akanitazama, akacheka kwa pua, akakaa. Mimi nilikuwa nimeshageuka kuangalia kando.

Kutoka kaunta mpaka geti lake ni kama dakika ishirini kwa mwendo wangu, na siku hiyo zikawa thelathini. Akanisimulia jinsi Kaikausi alivyorithi nchi iliyotulia, hazina imejaa, jeshi limeshiba. Siku moja akaja mwimbaji, kumbe ni jini limevaa sura ya mtu, akamwimbia sifa za nchi ya majini: maua hayakauki, hewa si ya joto wala baridi. Wazee wa baraza wakamwambia, "Bwana, baba zako wote waliijua nchi hiyo na hawakwenda, jiulize kwa nini." Akajibu kwamba yeye ni mkubwa kuliko baba zake. Akaenda na jeshi lote. Jini jeupe likawateremshia giza na mvua ya mawe, asubuhi mfalme na askari wake wote wakaamka vipofu.

"Halafu?" nikamuuliza. Tulikuwa tumefika getini.

"Halafu nikirudi," akasema Mzee Behzadi, akashuka kwenye kiti kwa heshima zote. Mwalimu huyo! Alijua pa kukata.

Nikaenda chumba cha kupumzikia nikawasimulia wenzangu, nikiongeza chumvi kidogo mahali ilipopungua. Otieno, yule kijana wa Kisumu ambaye siku hizi ni supavaiza wenu, akaacha kula. "Buda, huyo king wako ni fala kabisa," akasema. "Si aliambiwa?" Tangu siku hiyo kila aliyemwona Mzee Behzadi akishuka garini alikuwa ananipigia simu: mwalimu wako amefika, njoo, tunataka kujua kama yule mtu ameona.

Aliona, ndiyo. Shujaa mkuu wa nchi akapita njia ya hatari saba, akaliua lile jini, akamdondoshea mfalme damu ya ini la jini machoni, naye akaona. Ungefikiri amekoma. Safari iliyofuata ya Mzee Behzadi, Kaikausi alikuwa ameshafungwa gerezani na baba mkwe wake, ugenini, kwa kwenda karamu aliyokatazwa na mkewe mwenyewe. Shujaa yuleyule akaja kumtoa. Ninyi mnaosema mna mabosi wagumu, mfikirieni shujaa yule.

Na safari iliyofuata ndiyo ya tai. Hiyo aliisimulia tukiwa tumekaa kando ya dirisha kubwa, ndege imechelewa, na nyuma yangu walikuwa wamesimama wasukumaji wanne wanaojifanya wanakagua magurudumu. Kaikausi aliona dunia haitoshi, akataka kujua mbingu zinazungukaje. Akalea tai wanne kwa nyama mpaka wakawa na nguvu za simba. Akatengeneza kiti cha enzi chepesi, kila pembe akasimika mkuki mrefu, juu ya kila mkuki paja la kondoo. Wale tai akawafunga pembeni wakiwa na njaa. Wakaiona nyama, wakaruka kuifuata, na jinsi walivyoruka ndivyo nyama nayo ilivyopanda. Mfalme juu! Mawinguni! Halafu tai wakachoka, maana hata tai mwisho anajua anadanganywa. Wakakunja mabawa, kiti kikaporomoka mpaka msituni, mbali na kwake.

"Akafa," alisema Otieno kwa matumaini.

"Hakufa. Watu kama yeye hawafi hapo. Wakubwa wa baraza lake walimkuta amekaa chini ya matawi yaliyovunjika, wakamgombeza kama mtoto. Akaona haya, akajifungia kuomba toba siku arobaini."

"Na baada ya siku arobaini?"

Mzee Behzadi akavuta kofia yake. "Kuna moja imebaki," akasema. "Hiyo siisimulii." Tukambembeleza, hakukubali.

Basi kile kiti chetu cha zamani, kinachovuta kushoto hata ukikishika kwa meno, tukakiita Kaikausi. Nasikia mpaka leo kipo. Msikipeleke mteremkoni.

Nimemsifu sana Mama Wanjiru na nimejisifu mwenyewe kimyakimya. Sasa niseme nilipoharibu, maana kumbukumbu za kazi zisizo na kosa ni tangazo la biashara.

Mwaka 2019, majira ya kuchipua, kampuni yetu ilituonyesha video. Ilisema tuwaulize abiria kwanza, na jibu lao liheshimiwe. Ni jambo zuri kwa watu wengi, silipingi. Tukapewa na zile simu za kazini ambazo unabonyeza: amechukuliwa, amefikishwa, amekataa. Ukibonyeza amekataa, jina lake linatoka kwenye orodha, na hakuna msukumaji mwingine atakayekuja.

Wiki ileile, asubuhi ya watu wengi, anga imeanza kuwa nyeusi kama chungu, nikamwona Mzee Behzadi kaunta. Nilikuwa naharakishwa, kuna mama na mapacha ndege ya kwanza. Sikumjia kwa mbele hata. Nikasimama kando nikauliza kama video ilivyosema, "Baba, utahitaji kiti leo?"

"Hapana, hapana, asante," akasema. "Usijisumbue. Una kazi nyingi."

Nikabonyeza amekataa. Nikaenda kwa mapacha.

Mimi! Mtu wa Tabora, niliyelelewa kusogeza sahani mara tatu! Nilikuwa nimekaa nchi hii miaka miwili tu, na tayari neno la kwanza la mzee nililichukua kama ndilo neno lenyewe.

Zamu yangu iliisha saa tano. Napita na begi langu, namkuta amekaa nyuma ya ile nguzo ya kaunta, kofia juu ya goti, na juu ya kofia boksi la peremende za pistachio limefungwa utepe. Ndege yake ilikuwa imeondoka.

"Baba! Kwa nini uko hapa?"

"Nilikuwa nakungoja," akasema.

"Lakini ulisema hapana."

"Bila shaka nilisema hapana! Mtu mwenye adabu anasema nini mara ya kwanza? Nikajua utarudi mara ya pili. Mara ya pili ningesema usijisumbue. Mara ya tatu ningekaa." Hakuwa na hasira. Ndicho kilichonimaliza, hakuwa na hasira. "Baadaye nilijaribu kutembea, goti likakataa. Nikamwambia binti wa kaunta, akatazama kioo cha kompyuta yake, akasema imeandikwa nimekataa. Akasema ataita mtu. Hajaja."

Nikamuuliza California watamngoja mpaka lini. Akatikisa kichwa. Hakuwa anakwenda California. Alikuwa anakwenda Houston, kwa mdogo wake.

Mwaka mzima namsukuma, sikuwahi kusikia ana mdogo wake Houston. Akaniambia palepale nyuma ya nguzo, kwa sauti ya chini. Kamrani ndiye mdogo wake wa pekee. Alitangulia Marekani. Mzee Behzadi alipowasili miaka kumi na moja iliyopita, yeye na marehemu mkewe na masanduku manne, Kamrani hakwenda uwanjani kumpokea. Alimtuma mtu. Kaka mkubwa anapokewa na mtu wa kutumwa! Mzee Behzadi akaapa kwamba mdogo ndiye atakayekuja kwake kwanza. Kamrani naye, nadhani, aliona aibu, na aibu ikikaa sana inavaa sura ya kiburi. Wako mwendo wa saa nne kwa gari, mmoja huku, mmoja kule, na miaka kumi na moja ikapita. Sasa asubuhi ile binti wa Kamrani, jina lake Mina, alikuwa amepiga simu. Baba yake ameletwa nyumbani kutoka hospitali, madaktari hawana la kufanya zaidi. Mina alisema, "Amu, kama unakuja, ni leo."

Na mimi nilikuwa nimebonyeza amekataa.

Tukatazama ubao wa ndege. Mvua ya radi ilikuwa imefika, na safari za Houston zilikuwa zinageuka nyekundu moja baada ya nyingine. Ya jioni imefutwa, ya kesho asubuhi imejaa. Mjukuu wake yuko kazini, simu haipokelewi.

Sasa, kanuni inasema mfanyakazi haruhusiwi kumpakia abiria kwenye gari lake. Imeandikwa na nilitia sahihi, nadhani hata niliisoma. Mama Wanjiru alikuwa anapita, nikamweleza. Akautazama ubao wa ndege. Kisha akasema, "Mzee, hiyo kazi utapata ingine. Enda. Lakini uniambie sijakuona." Akageuka kuangalia kando.

Nikarudi kwa Mzee Behzadi, nikasimama mbele yake. "Gari lako liko tayari," nikasema.

"Hapana, haiwezekani, ni mbali."

"Gari lako liko tayari."

"Una familia, una uchovu, siwezi kukubali."

"Baba, gari lako liko tayari, na linazima lenyewe likingoja sana."

"Basi," akasema, "kama si usumbufu."

Corolla yangu mnaijua. Tukaingia barabara kuu namba arobaini na tano, ya kwenda Houston, saa sita mchana na mvua inapiga kioo kama inadai kuingia. Malori yanatumwagia maji. Mpaka mji wa Corsicana nilishika usukani kwa mikono miwili. Nilikuwa naomba Mungu, na pia naangalia ile taa ya injini ambayo binti yangu alisema nisiijali.

Mvua ilipopungua nikasema, "Baba, mimi ndiye niliyekuacha. Nikichelewa kukufikisha, ni juu yangu."

Akafuta ukungu kwenye dirisha lake. "Uliuliza mara moja. Mimi nilijibu mara moja. Tulikuwa wawili."

Kisha, bila kuombwa, akaanza ile iliyobaki.

Yule shujaa aliyemponya Kaikausi macho, aliyemtoa gerezani, alikuwa na mwana asiyemjua, aliyezaliwa nchi ya mbali. Wakakutana vitani, hawakutambuana, na baba akamchoma mwanawe kisu. Kijana anatoka damu ndipo akataja jina la baba yake, na baba akaona kikuku alichomwachia mama wa kijana. Sasa mfalme Kaikausi alikuwa na dawa hazinani, dawa ya pekee, inayofunga jeraha lolote. Shujaa akatuma mjumbe mbio: bwana wangu, kwa yote niliyokufanyia, nipe tone. Na Kaikausi akakaa kwenye kiti chake akafikiri. Akafikiri kwamba baba na mwana wakiwa hai wote wawili, yeye ataonekana mdogo. Hakusema hapana. Alikaa tu. Dawa ikabaki ndani, na kijana akafa.

Wipa zinakwenda, kwaa, kwaa. Miti ya misonobari imeanza pande zote mbili.

"Kwetu mtu akileta msaada uliochelewa, tunamtajia dawa hiyo," akasema. "Niliwafundisha watoto hadithi hii miaka thelathini. Nilikuwa nawauliza, kwa nini mfalme hakuitoa? Wanajibu, alikuwa mbaya. Nawapa maksi. Lakini hakuwa mbaya tu. Alikuwa anangoja aje aombwe vizuri zaidi."

Sisi Wanyamwezi tuna watani. Mtani wako ana ruhusa ya kukuambia msibani kwako kile ambacho ndugu yako hawezi. Mimi na Mwajemi hatuna utani, lakini kwenye Corolla ile nilijipa.

"Na wewe," nikamwambia, "yako uliiweka hazina gani, miaka kumi na moja?"

Nilidhani ataniambia nisimamishe gari. Akacheka, kicheko kikaharibika katikati. Akatoa leso. "Endesha," akasema. "Endesha haraka kidogo."

Nikaendesha haraka kidogo. Zaidi ya kidogo. Vijana msinifuate kwa hilo.

Hapa niruke mbele kidogo, mnivumilie, ili nisije nikasahau. Jumatatu niliitwa ofisini, nikapewa barua ya onyo, nikatia sahihi, safari hii nikaisoma kwanza. Supavaiza wa wakati ule aliuliza kama ningefanya tena. Nikamwambia, ningemsukuma mapema zaidi. Niliendelea kazi mpaka mwaka huu, na sikubonyeza tena amekataa kabla ya kumrudia mtu mara tatu, hata kama ni Mmarekani. Wamarekani wengi walinishangaa. Baadhi yao mara ya tatu walikaa. Ndiyo yote ninayojua kuhusu kazi hii na mengine ni misuli. Sasa turudi kwenye safari ya Houston.

Kamrani alikuwa anakaa kwenye maghorofa ya kupanga huko Gulfton, mitaa mitatu kutoka kwa mtoto wa dada yangu, ndiyo maana nilipajua bila kuuliza. Ghorofa ya chini, mlango wa kijani. Watoto wanacheza mpira kwenye madimbwi, mvua imeacha joto lake. Kiti cha kusukuma sikuwa nacho, kwa hiyo nilimtia mkono kwapani, na fimbo upande wa pili, boksi la peremende kalibana ndani ya koti, tukaenda hatua moja, pumzi moja.

Mina akafungua. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono ina sabuni, macho mekundu. Akamtazama amu yake, akanitazama mimi, akasema tu, "Yuko macho."

Mzee Behzadi akasimama kizingitini. Hakuingia. Nikadhani ni goti. Halafu nikaelewa, hata kwetu ni hivyo: kaka mkubwa akifika, mdogo husimama. Mwili wa mzee ulikuwa unangoja jambo ambalo umelingoja miaka kumi na moja, na yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Kutoka chumbani tukasikia kitanda kinalia. Mina akasema kwa hofu, "Baba! Hapana! Hajakaa tangu Ijumaa, Amu, hawezi, mwambie."

Na Mzee Behzadi akapaza sauti, sauti ile ya darasani, kwa Kiajemi. Sikujua maneno lakini nilijua kabisa. Lala! Usiinuke! Lala hapo ulipo!

Kitanda kikalia tena. Mtu anayekufa, na bado hamtii kaka yake.

Ndipo goti lililokwisha likapona kwa hatua sita. Aliniachia mkono, akaangusha fimbo, akakamata ukuta, kochi, mlango, akaingia. Nilimfuata nyuma mikono imefunguka, kama tunavyofanya mteremkoni. Kamrani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu mitupu sakafuni, mwembamba kama hanga ya nguo, ameshika kitasa cha droo anajivuta asimame. Mzee Behzadi akamfikia kabla hajafika juu, akamkalisha, akakaa naye, bega kwa bega, wote wanahema kama waliokimbia.

Kamrani akasema kitu, taratibu. Baadaye Mina alinitafsiria. Alisema, "Nisamehe, kaka. Sikuja kukupokea."

Mzee Behzadi akawa anahangaika na utepe wa lile boksi, haufunguki. "Mvua ilikuwa nyingi," akajibu. "Ungelowa bure."

Nikarudi nyuma, nikavuta mlango. Jikoni Mina alikuwa amefungulia bomba mpaka mwisho, maji yanamwagika kwenye sinki lisilo na chombo, ili kule chumbani wasimsikie analia. Sikumuuliza kama anataka msaada. Nilichukua taulo, nikaanza kukausha vikombe vilivyokuwa vimekauka tayari.